Ile Chai ya Hong Kong Ilikuwa Kweli

Mama Paskali,

Mwandiko wangu umekuwa mbaya, utanivumilia. Naandika nimelala, na Neema, binti yangu, ameficha kalamu kwa sababu daktari amesema nipumzike. Hii nimeiiba kwenye begi la mjukuu. Wanasema moyo umechoka, na wanasemea pembeni kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye mtoto wa nyumba hii. Waseme. Nina jambo lako, na sitaki tukutane huko nikiwa bado nalo.

Nilikukana. Hilo unalijua. Lakini hujui yote.

Unakumbuka wiki yetu ya kwanza Hong Kong? Walimu wawili wa ushonaji kutoka Babati, tumepelekwa miezi mitatu kujifunza cherehani za kiwandani, na posho yote inamezwa na kile chumba ambacho ukitaka kufungua mlango lazima mmoja apande kitandani. Tulishindia mkate na ndizi. Mimi nililia, wewe ulikasirika. Jumamosi asubuhi na mapema ukaniamsha: "Mwalimu, vaa viatu. Tufuate wazee." Ulikuwa umewaona dirishani siku zote hizo, wastaafu wenye magazeti kwapani, wote wakielekea upande mmoja. "Mstaafu hali mahali pa ghali," ukasema. "Wa Babati au wa hapa, ni yule yule."

Tukawafuata hadi soko la samaki, tukapanda ngazi zenye maji mpaka ghorofani, kwenye ukumbi wenye kelele kama mnadani. Mzee mmoja akatusogezea viti mezani kwake, akasema, "Yam cha, yam cha." Ukanigeukia uso umeng'aa: "Umesikia? Chai! Hawa ni ndugu zetu." Ikaja birika, haina sukari, haina maziwa. Tukanywa kama dawa. Kumbe na kwao mtu akisema anakwenda kunywa chai, ana maana anakwenda kula. Akapita mama mmoja na toroli lenye vikapu vidogo vya mianzi vinavyofuka mvuke, na ndani yake kile wanachokiita dim sum: nyama iliyofungwa kwenye unga laini kama kitambaa cha bitana, andazi jeupe lenye nyama tumboni, na miguu ya kuku. Mzee akatuonyesha saa ya ukutani, akafanya kwa mikono: ukikaa kabla ya watu wa ofisi, bei iko chini, wakija, inapanda.

Miguu ya kuku, ambayo nyumbani kwangu ilitupiwa mbwa. Ukachukua wa kwanza. "Kula, Mwalimu. Hapa hakuna anayekujua." Nikala. Nikala kila Jumamosi kwa miezi mitatu, na wewe ni shahidi kwamba aliyekuwa akiita kikapu cha pili ni mimi. Wewe ulipenda andazi.

Sasa sikiliza usilolijua. Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti, nami nilimwandikia kwamba tunakula hotelini na wakuu wa chuo, meza ina kitambaa cheupe. Niliona aibu kumwambia kwamba mkewe anatafuna miguu juu ya soko. Naye kwa furaha yake akaisoma barua ile kanisani, mstari kwa mstari. Niliporudi, washarika walinipokea kama mke wa balozi.

Ndiyo sababu siku ile kwenye kikao cha harusi pale Nangara, ulipowasimulia watu, ukaigiza hadi yule mama na toroli lake, kisha ukasema, "Muulizeni Mwalimu, tulikuwa wote," mimi nikatabasamu. Nilikuwa nimetoka kuteuliwa mkuu wa chuo. Washarika walikuwa wamejaa. Nikasema, "Mama Paskali anapenda kutuchekesha."

Uliniangalia, ukakaa. Hukuniuliza kamwe. Afadhali ungenitukana.

Tangu hapo ukawa mwongo wa mji. Ukisema Nangara mvua imenyesha, watu wanachungulia kwanza. Siku hizi vijana uongo wanauita chai, na wajukuu wako wakapata neno: "Bibi, hiyo chai." Nawe unajibu, "Ndiyo, ilikuwa chai!" Wanaangua kicheko. Na ulipoanza kusema tumbo linakuuma, walidhani unaongeza chumvi kama kawaida yako. Ulifikishwa hospitali umechelewa. Hilo silisukumi kwao. Ni langu.

Hata msibani. Aliyesoma wasifu wako akataka kuwachangamsha watu, akasema marehemu alikuwa mcheshi, hata alidai amekula miguu ya kuku ng'ambo akifuata wazee. Watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, Mama Paskali, na mimi nikacheka.

Ila sikumaliza hivyo. Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kuweka msalaba kaburini kwako. Neema akasema siendi popote. Nikaita bajaji mwenyewe, nikatoka Maisaka na fimbo yangu. Baada ya sala, watu walipokuwa wanakula, nikasimama. Paskali wako akanishika kiwiko, alidhani nataka maji. Nikawaambia yote: wazee, soko, toroli, barua. Nikasema, "Mama yenu hakuwa na chai. Mwenye chai ni mimi."

Yule mjukuu wako anayesoma chuo akasema, "Mwalimu, wewe? Miguu?"

Nikamwambia, "Na kucha nilitema mezani kama mwenyeji."

Wakacheka, lakini safari hii walinicheka mimi, na kicheko kile kilinifaa. Paskali hakucheka. Alitoka, akasimama kando ya mahindi, ametugeuzia mgongo. Hajanisamehe. Sikumwomba aharakishe.

Jumatatu mzee wa kanisa akaja kuniona. "Mwalimu, kwa umri wako na heshima yako, hayo yalikuwa na lazima gani?" Nikamjibu kwamba heshima hiyo niliishona kwa kitambaa cha mtu mwingine. Hakumaliza soda yake.

Sasa nimeandika wasifu wangu mwenyewe, maana nikiwaachia wataandika vyeo tu. Neema ameusoma. "Mama, hii haisomeki mbele ya mchungaji." Nikamwambia, "Basi nisizikwe, mkae nami hapa sebuleni." Amenuna siku mbili. Kwa hiyo nakala nimempelekea Paskali, nikamwomba asome yeye. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati. Hakuirudisha.

Naishia hapa, rafiki yangu, kifua kinabana. Lala salama. Nakuahidi hili moja: siku yangu ikifika, mchungaji amesimama na washarika wote wamekaa, jina lako litasomwa kabla ya vyeo vyangu, na litasomwa kama la mtu aliyesema kweli. Atakayetaka kucheka, acheke akijua hivyo.

Mimi,
Mwalimu, Maisaka