Pacha Wawili, Namba Moja

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize maana nimekosa wa kumweleza, mimi ni binti ninayeandika programu za kompyuta katika ofisi ya kaka yangu mkubwa, aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, na ndiye aliyetengeneza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati moja, akaamua kila mgonjwa atambuliwe kwa namba ya simu, basi mama mmoja mwenye pacha wa kike akawaandikisha wote kwa simu yake, na maelezo ya wa pili yakafuta ya wa kwanza, kumbe wa kwanza ndiye anayedhuriwa na penisilini, siku alipougua muuguzi akatazama kioo cha kompyuta, hakuona onyo lolote, akamchoma sindano, mtoto akavimba uso na kushindwa kupumua huku mama akilia, "Lakini niliwaambia!" wakamwokoa kwa taabu.

Kaka akasema, "Tuongeze tarehe ya kuzaliwa, yaishe." Nikamwambia, "Kaka, hao ni pacha." Akanijibu, "Juzi tu nilikuwa nakufuta makamasi, leo unanifundisha kazi?" Sasa muuguzi amesimamishwa kazi, nikisema nitamwaibisha aliyenilea, nikinyamaza usingizi hauji, nifanyeje?

*

Binti yangu, pole. Mzigo huo si mwepesi. Lakini nitakugombeza: jibu unalo, unatafuta wa kukuruhusu. Muuguzi yuko nyumbani kwa kosa lisilo lake, nawe bado unapima maneno! Kumheshimu kaka si kumsaidia kuficha.

Simu si mtu. Huazimwa, huibiwa, na laini iliyoachwa hupewa mwingine. Tarehe ya kuzaliwa nayo wengi hukisia. Kila mgonjwa apewe namba itolewayo na mfumo wenyewe, isiyobeba maana nyingine, isiyobadilika, wala isirithiwe na yeyote hata mwenyewe akifa. Simu iandikwe pembeni, ya kumpigia tu. Hata ukoo mzima ukiitumia, hakuna atakayemfuta mwenzake.

Kesho asubuhi mwite kaka faraghani, umwambie, "Naenda zahanati kusema ukweli, twende wote." Akikataa, nenda peke yako. Mwambie daktari mkuu wasiuamini mfumo huo hadi urekebishwe, na wawaite wagonjwa wote wanaochangia simu, waulizwe upya. Halafu sema wazi, mbele ya wakubwa wa muuguzi, kwamba hana hatia.

Kaka atanuna, pengine mwaka mzima. Mwache anune. Ndugu aliyenuna hupatanishwa. Mtoto akishazikwa, hakuna wa kumwomba radhi.