Swali Lililobaki Mkononi

Jumanne, baada ya magharibi

Hasira haijanitoka. Afisa aliyekuja ofisi ya kata hapa Vingunguti kukusanya maoni amemcheka bibi yangu mbele za watu.

Alikuwa anaeleza sera ya serikali ya kuwasaidia watafiti watafute tiba za kuotesha upya damu na viungo kwa seli changa, hata zile za kwenye kitovu cha mtoto anapozaliwa. Bibi akauliza, "Sasa mkikichukua kitovu, sie tutazika nini?"

"Bibi, hayo mambo ya zamani," afisa akasema huku anacheka.

"Na chako, mwanangu, kimezikwa wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Afisa akafunga faili lake. "Naona hakuna maswali ya kitaalamu."

Lilikuwepo! Nililiandika kwenye karatasi tangu asubuhi. Mdogo wangu Rehema ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mama anajifungua mwezi ujao. Nimesoma kwamba damu ya kitovu cha ndugu inaweza kumponya mgonjwa kama Rehema. Tukiichukua siku hiyo, nani ataihifadhi, na wapi?

Mkono wangu haukunyanyuka. Karatasi ikalowa jasho hadi wino ukasambaa. Miaka minne ya sekondari nimekuwa hivihivi, najua jibu halafu...

Nyumbani nimemsomea Bibi lile swali. Amemtazama Rehema aliyelala mkekani.

"Kumbe ingemfaa huyu? Si wangechukua tu! Mbona hamkusema?"

Hakusema "mbona afisa hakusema." Kasema "hamkusema," na mimi nimo.