Risasi Mia Mbili za Kwanza

4 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kazi yako. Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi lina maamuzi yake.

Najua ni mwaka na miezi minane hatujaandikiana, na maneno ya mwisho yaliyonitoka nayakumbuka. Leo siandiki kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayefundisha walinzi kulenga shabaha.

Mwezi wa Novemba nilikwenda kliniki asubuhi, kurudi nikakuta mlango uko chini. Wezi walibeba redio, pasi na makoti yote. Tangu hapo nyumba imekuwa kimya mno. Nikaomba kibali, nikahojiwa, nikapigwa picha kama mhalifu, na sasa nina bastola mpya, ile inayojipakia risasi yenyewe kila ukishapiga. Picha yake nimeiweka humu. Shida ni kwamba inakwama. Nimeitia mafuta kama ninavyotia cherehani, ndiyo kwanza ikazidi. Miaka arobaini natengeneza cherehani za watu, sijaona mashine inayokataa mafuta.

Simu usipige, masikio yangu na simu havipatani. Andika.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo baba,

Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilikaa nayo siku mbili bila kuifungua. Nilidhani ni habari za msiba. Kumbe ni goti. Pole nalo.

Sipendi uwe na bastola. Nimeshasema, sasa nakufundisha.

Kabla ya lolote, toa magazini, kile kisanduku cha risasi, vuta kile chuma cha juu kirudi nyuma, chungulia ndani, kisha tia kidole uhakikishe hakuna risasi. Kila mara, hata kama umeangalia dakika moja iliyopita. Ndipo uifungue. Ile grisi nzito iliyotoka nayo kiwandani ni ya kuzuia kutu njiani tu, ifute yote. Halafu weka mafuta pale ambapo chuma kinasuguana na chuma. Tone, baba, si kijiko. Mafuta yakizidi hukusanya masizi, na masizi ndiyo yanayokwamisha.

Halafu ujue bastola mpya ni kama kiatu kipya, springi zake bado ngumu. Ipeleke uwanja wa shabaha uipige risasi mia mbili, kidogo kidogo, na uisafishe kila ukirudi. Kabla ya hapo usiiamini. Nyumbani ikae tupu, imefungiwa. Ikikwama tena, niandikie imekwamaje.

Huku ni baridi. Chumba changu kina dirisha moja na linatazama ukuta.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Baridi imepungua? Mimi sijambo.

Nakwenda uwanjani kila Jumamosi. Msimamizi ni sajenti mstaafu, ananiita Mzee Cherehani. Tukimaliza kupiga tunakaa kwenye benchi, tunakunywa chai na kusafisha silaha, kila mtu na kitambaa chake. Jumamosi iliyopita akaniambia, "Mzee, bastola unaishika kama yai." Nikamwambia naishika kama mali ya mteja.

Nimepiga themanini. Ganda la risasi limekwama mara sita. Halitoki wala halirudi, limesimama pale kama mgeni aliyekosea nyumba. Nifanyeje?

Barua yako nimeisoma mara nne kwa sababu ya mafuta. Ile sehemu ya dirisha nimeisoma zaidi. Ukuta huo una rangi gani?

Baba

26 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Ukuta ni wa kijivu, na mvua ikinyesha unakuwa mweusi.

Sajenti wako anasema kweli. Mkono ukilegea, bastola yote inarudi nyuma pamoja na wewe, na kile chuma cha juu kinakosa nguvu ya kulitupa ganda nje. Kaza kiganja, nyoosha kifundo cha mkono. Magazini zako mbili zitie alama, moja na mbili. Ikikwama, andika ilikuwa ipi. Ikiwa ni ileile kila mara, basi mgonjwa ni magazini, bastola haina kosa. Na kila ukisafisha, brashi ipite ndani ya mtutu ikitokea nyuma kwenda mbele, kisha kitambaa, mpaka kitoke cheupe.

Nimekuchorea ukurasa wa pili ili uone mahali pa kuweka mafuta. Samahani, sijui kuchora.

Jana mwanafunzi mmoja aliniuliza nyumbani kwetu kuna nani. Nikasema, "Baba." Akangoja niendelee, mimi nikamwambia arudi kwenye mstari.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Samahani kwa kukawia, nilikuwa na mambo mengi. Afya si mbaya.

Uliyonifundisha kuhusu mkono yalisaidia, na mia mbili zimepita. Lakini limezuka jingine. Ile nyundo ya nyuma, inayovutwa kwa dole gumba, imelegea. Nikiivuta inacheza kushoto na kulia. Nadhani pia kuna springi ndani inayolia. Magazini ya pili nayo siielewi. Sajenti anakusalimu.

Nieleze kwa urefu kama ulivyozoea. Ukiweza kuchora tena, chora.

Baba

20 Juni

Baba, shikamoo.

Bastola yako haina nyundo ya nje. Picha uliyonitumia nimeibandika juu ya meza yangu, nimeitazama sasa hivi tena. Kwa nyuma ni bapa kama kipande cha sabuni, hakuna kitu cha kuvuta kwa dole gumba. Mtu aliyeisafisha miezi minne hawezi kukosea hapo, tena fundi kama wewe.

Iko wapi? Umeibiwa? Kama kuna mtu ameumia, niambie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sitakulaumu. Andika siku hiyohiyo utakayoipata barua hii.

Mwanao

19 Julai

Mwanangu,

Uliniambia niandike siku hiyohiyo. Nimeshindwa. Hii ni karatasi ya tano, nne nimezichana. Hakuna aliyeumia.

Risasi ya mia mbili niliipiga Jumamosi moja ya Aprili. Siku hiyo haikukwama hata mara moja. Sajenti akanipa mkono, akasema, "Sasa imekuzoea." Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikaiweka kwenye droo ikiwa na risasi, kinyume cha ulivyonifundisha.

Jumanne yake, saa nane mchana, nikaona kivuli cha mtu kinapita dirishani kwenda uani. Nikaichukua, nikatoka. Alikuwa ameinama ukutani, amenipa mgongo. Nikasema, "Geuka." Akageuka polepole, daftari likamponyoka. Alikuwa msoma mita ya maji. Miaka tisa anakuja kwangu.

Akasema, "Mzee, nimepiga hodi mara tatu."

Sikuisikia hata moja. Na kidole changu kilikuwa kimeshafika mahali ambapo wewe huwakataza wanafunzi wako kukiweka. Alikuwa analia, mtu mzima mwenye wajukuu, na mimi nikashindwa kuishusha mikono. Yeye ndiye aliyenishika viwiko, akanikalisha kwenye ngazi na kuniambia, "Iweke chini, mzee wangu, iweke." Nikaiweka.

Kesho yake niliirudisha polisi pamoja na kibali. Uwanjani siendi, asiye na silaha haruhusiwi kupita getini. Mita siku hizi anasoma kijana mwingine, haingii mpaka nimfungulie mwenyewe.

Utauliza kwa nini nilikudanganya. Bastola ilipokwama uliniandikia kurasa mbili. Nikawaza, ikipona ataniandikia nini? Nikaazima ugonjwa wa bastola ya sajenti. Yake ndiyo yenye nyundo.

Sasa sina cha kukuuliza ila kile ninachokizunguka tangu Februari. Kwa nini hukuja kumzika mama yako? Siku ile nilikuambia kama hukuja kuzika basi usije tena. Nilisema kwa uchungu. Leo nauliza kwa sababu nataka kujua.

Baba yako

30 Julai

Baba, shikamoo.

Nimefurahi msoma mita yuko hai, na nimefurahi wewe uko hai. Kuhusu nyundo, nilicheka peke yangu humu chumbani, halafu sikucheka tena.

Ruhusa nilipewa, siku saba. Nilikuambia walininyima, nao walinipa. Nilifunga begi, nikakata tiketi, nikafika kituoni saa moja kabla. Basi likaja, watu wakapanda, kondakta akaniuliza, "Dada, unasafiri?" Nikamwambia namngoja mtu. Likaondoka. Nilikaa kwenye benchi ile mpaka wakaanza kufagia. Niliona nikipanda nitafika, na nikifika mama atakuwa amekufa kweli. Nisipopanda, bado yuko huko kwenu anakugombeza. Nilimshikilia hivyo, baba, na nikakuacha wewe umzike peke yako. Sina utetezi.

Jana niliomba likizo. Mkuu wa chuo akauliza ni ya nini, nikamwambia nakwenda kuzika. Akaniambia pole, akauliza ni lini amefariki. Nikamwambia mwaka juzi. Alinitazama kidogo, kisha akatia sahihi.

Nitafika tarehe 16 Agosti, mchana. Sitapiga hodi. Nitakuja mpaka dirishani nisimame mahali utakaponiona.

Mwanao