Kitufe Kimoja cha Saa ya Fakihi

Tandika,
S.L.P. 45117,
Dar es Salaam.
9 Juni 1996

Mpendwa shemeji Talha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Japani, na kwamba kile kikohozi cha baridi kimekuacha. Sisi tunaendelea. Arobaini ya kaka yako Fakihi tuliimaliza salama, na watu walikuja wengi kuliko mikeka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeomba nikurudishie saa ya majaribio uliyompelekea Fakihi, ile ya kumkumbusha dawa ya presha, ili wakubwa wako wasome kumbukumbu iliyo ndani kabla kiwanda hakijaanza kuzitengeneza kwa wingi. Umeomba pia nikueleze aliitumiaje. Nitakueleza yote, hata yaliyo mazito kuandika.

Aliipenda. Aliivaa mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa kwenye cherehani, hivyo vitufe vikaelekea kiwiko na mara nyingi alivitafuta kwa kupapasa. Fundi mwenzake Bakari alimtania, "Mzee siku hizi unapigiwa kengele kama mwanafunzi." Naye akamjibu, "Wewe wa kukupigia hata huna."

Umeuliza kama namba zilimchanganya. Mwanzoni, ndiyo. Asubuhi saa iliandika nane wakati kwetu ni saa mbili, akasema hataki kupiga hesabu ndipo ameze dawa. Akaisogeza kwa saa sita, ikasoma kama tunavyosema sisi, na mlio akaupanga upya. Hilo alilimaliza mwenyewe.

Lililotushinda ni kile kitufe kikubwa. Ulitufundisha kwamba ikilia, anameza kidonge kisha anakibonyeza. Mlio unanyamaza na saa inaandika kwamba amekunywa. Miezi ya mwanzo ilikuwa hivyo hivyo.

Kisha Ramadhani ikaingia. Tulikubaliana kidonge akinywe magharibi, baada ya tende na uji. Lakini mlio tuliuacha palepale, saa mbili asubuhi. Ukilia, anabonyeza unyamaze, anacheka. "Saa ya mdogo wangu haifungi," aliniambia. "Mchana kweupe inaniita nikale." Na saa ikishabonyezwa inaamini dawa imenywewa, kwa hiyo magharibi haikumwita tena. Anafuturu, anawahi tarawehe, akirudi ni usingizi.

Sasa nifike kwangu. Kabla ya saa hiyo, mimi ndiye niliyempelekea kidonge na kikombe cha maji, nikasimama mpaka ameze. Saa ilipokuja nikaacha. Nilikuwa uani, nikisikia imelia na kunyamaza, moyo wangu unatulia, naendelea na kazi. Hata ndani ya Ramadhani moyo wangu uliendelea kutulia vile vile, wala sikukumbuka kumuuliza jioni.

Wiki ya pili baada ya Idd kiharusi kikamchukua. Nilipokunja nguo zake nikaikuta pakiti ya dawa ya mwezi wa Ramadhani. Vidonge vilivyotoka ni sita tu. Nilimpelekea daktari, akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Nami siapi. Sijamwambia mtu mwingine hapa nyumbani.

Nilitaka kubaki na saa hii, maana bado inalia kila asubuhi kama alivyoipanga yeye. Lakini nimempa jirani yetu Hija, anayesafiri kuja huko Jumamosi. Ukiifungua, itakuambia kaka yako alikunywa dawa Ramadhani nzima bila kukosa siku. Wakubwa wako watafurahi. Usiwaache wafurahi, Talha. Waonyeshe barua hii. Kitufe cha kunyamazisha kisiwe ndicho cha kusema nimekunywa. Mtu akinyamazisha tu, saa ijue bado anadaiwa kidonge, imrudie hata jioni. Mie sikusoma mambo hayo, ila hilo nalijua.

Wewe usijilaumu. Ulituma kwa mapenzi, naye aliivaa kwa fahari.

Najat na Farhan wanakusalimu. Najat ameshika cherehani ya baba yake, anapinda mashuka. Bakari naye anakusalimu. Mama yenu hajambo. Ameandikiwa dawa ile ile ya presha. Kila asubuhi nakaa naye kitandani, nashika kikombe, na siinuki mpaka ameze.

Mungu akulinde huko ugenini na akurejeshe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuombea,
Zubeda