Samaki Aliyetafutwa Kwenye Picha

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Butula tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama utotoni mwangu kulikuwa na mashine ya kuona tumbo, kama hiyo itakayokupima ugonjwa wa Crohn, huo wa utumbo kuvimba, huko Nairobi.

Ilikuwepo, miaka ya sabini. Tumbo liliniuma kila nilipokula. Mama alisema jirani yetu Nabwire alinitazama kwa jicho baya nikila samaki, samaki akanasa tumboni. Yeye na Nabwire wakaacha kusalimiana.

Hospitalini nilinyweshwa dawa nyeupe, nzito kama uji, nikapigwa picha. Mama aliiinua dirishani, nami nikachungulia.

"Samaki yuko wapi, daktari?" Mama akauliza.

"Hakuna samaki, mama. Utumbo umevimba, hapa njia imebaki nyembamba kama uzi."

Jioni hiyo Mama alimwita Nabwire tule naye, akamkalisha mbele yangu, anitazame nikila.

Nyanya yako