Kocha Ameitwa Lusaka, Mkewe Hafungi Tena Mizigo

Shangazi Avelina, shikamoo. Ni msikilizaji wako wa hapa Inver Grove Heights, Minnesota, naomba unisaidie kuamua maana nyumbani hatuelewani. Mimi ni kocha wa mpira, na sijisifu nikisema kazi naijua, nimefundisha Mbeya, nikaenda Bujumbura, nikapandisha timu daraja kule Blantyre, nikaitwa Muscat, na kote huko mke wangu Ikupa alifunga mizigo tukaondoka wote, hadi yeye alipopata kazi ya unesi huku Marekani ikawa zamu yangu kumfuata. Mchana nabeba maboksi ghalani, mji wa jirani wa Shakopee, jioni nafundisha timu ya akina mama na mabinti wa Kikongo, nilipowakuta wote walikuwa wanaukimbilia mpira kwa pamoja kama kuku wanaogombea mahindi, na sasa Shangazi tuko fainali, Jumapili hii. Basi klabu moja ya ligi kuu kule Lusaka ikanipigia, wananitaka kabla ya Jumapili, nikawaambia nakuja, ndipo nikamwambia Ikupa. Hakupiga kelele. Aliendelea kukunja sare zake za kazi, akasema, "Unaniuliza, au unanitaarifu?" Nikamjibu mpira ndio maisha yangu. Akasema, "Basi nenda, baba Dativa. Mimi na mtoto tupo hapa." Binti yetu naye akadakia kwa Kiingereza chake kwamba amechoka kuwa mgeni kila shule na hahami tena. Nilipowaambia wachezaji, nahodha wao Emérance aliuliza tu, "Kocha, na sisi unatuachia nani?" nikawaambia wakimbie raundi mbili za uwanja. Lakini kwa umri wangu nafasi hii haitarudi, na najua nikifika Lusaka nitafanya vizuri. Niende au nibaki?

Kocha A.

Marahaba, Kocha. Hongera kwa fainali, na kazi kweli unaijua, hilo sina ubishi nalo. Sasa nisikilize. Lusaka umeshawakubalia, kwa hiyo hukuja kwangu kuuliza kama uende. Ulitaka mimi nimwambie Ikupa afunge mizigo, na neno hilo halitoki kinywani mwangu. Amekufuata nchi baada ya nchi. Wewe umemfuata mara moja tu, na tayari unaona umemaliza?

Naelewa inavyouma mtu mwenye ujuzi wako kushinda anabeba maboksi. Lakini maumivu yako hayakupi ruhusa ya kuamua peke yako.

Leo hii wapigie Lusaka, sema ulijibu haraka na kabla ya fainali hutafika. Wakikuacha kwa hilo, walitaka mtu yeyote tu, si wewe. Kisha kaa na mkeo, umwombe radhi kwanza, halafu umuulize yeye anataka nini, na unyamaze hadi amalize. Dativa anamaliza shule hapa, hilo usilifungulie mjadala. Mkikubaliana uende msimu mmoja peke yako, nenda kwa amani. Asipokubali, chukua cheti cha ukocha cha hapa uombe timu za shule. Mtu wa uwezo wako hakosi kazi mji huu.

Jumatatu nipigie simu. Ila azungumze Ikupa, maana wewe nimeshakusikia.