Hesabu ya Wiki ya Likizo

Mwanangu mpendwa,

Huku sote tu wazima, ila goti langu linalalamika kila likiona ngazi. Binti yako ameng'oka jino la mbele; sasa kila akisema "shule" anapiga mluzi.

Ile kazi ya muda niliyokuambia nimeimaliza. Siku tano nilikaa kando ya barabara kuu, mbele ya lango la shule, nikichora kistari kwa kila mtembea kwa miguu na kila baiskeli iliyovuka. Nikueleze maana yake: wahandisi hupanga barabara kwa idadi hiyo. Wavukaji wakiwa wengi, huwekewa kivuko na matuta. Wakiwa wachache, gari ndilo linalotazamwa.

Nilihesabu kwa uaminifu, nikatia sahihi. Ndipo muuza magazeti aliponicheka: "Mwalimu, umehesabu wanafunzi wakati wa likizo?"

Miaka thelathini nilifundisha shule hiyohiyo hadi nikastaafu, mwanangu, na sikukumbuka!

Nilimwendea mhandisi mbio. Akasema, "Mzee wangu, takwimu haziongopi. Watu kumi na wanane kwa saa? Hata mbuzi wanazidi."

Jana waling'oa matuta ya zamani pale langoni. Malori hayapunguzi tena mwendo. Hapa ninapoandika, kikombe cha chai kinatetemeka mezani.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Binti yako usimhofie, nitamvusha mwenyewe nikiwa nimemshika mkono. Lakini wenzake ni mia nne, nami mikono yangu ni miwili.

Ni mimi baba yako, niliyetia sahihi.